Fulana ya Kwaya Machimboni

Jumatano usiku

Laiti ningevaa nguo nyingine. Asubuhi nilipeleka chapati machimboni, nikakuta mganga anachinja mbuzi ili duara, shimo wanalochimba kina kaka Masanja, litoe dhahabu. Wachimbaji wote waliinamisha vichwa. Nami nikainama.

Sikujua kuna mtu anarekodi. Jioni Mama Neema, mwenyekiti wetu wa kwaya, akaitupia hiyo video kwenye grupu na kuuliza, "Huyu si wa kwetu?" Nimesimama nyuma ya mbuzi, na jina la kwaya kifuani linasomeka vizuri kuliko uso wangu.

Wote wameiona na hakuna aliyenitetea, hata Rehema ninayeimba naye sauti moja. Nimeandika, "Shikamoo mama, nilipeleka chapati tu." Nikafuta. Ni kweli, lakini inanuka uongo.

Nimeiangalia tena sasa hivi. Midomo yangu inacheza, na watasema nilikuwa namwitikia mganga. Nilikuwa namwomba Yesu duara lisimfukie kaka, maana yeye ndiye alikuwa anatangulia kushuka.

Hilo nitaliandikaje kwenye grupu? Na kesho anashuka tena.