Sakafu ya Nyumba Mpya

Jumatano, baada ya Isha

Leo watu wa ujenzi wametuita skuli kutuuliza maoni kuhusu nyumba za ghorofa tutakazohamishiwa, na kuta zake zimeshafika madirishani. Maoni ya nini tena?

Mzee Faki aliuliza karafuu tutaanika wapi. Bwana wa ujenzi akacheka, na watu wakacheka naye. Mimi nikameza swali langu.

Mama hata uji haumpiti, nasi tumepangiwa ghorofa ya juu. Siku yake ikifika, shimo la ufuo la kupokea maji ya kumuoshea tutalichimba wapi? Kwenye saruji, juu ya kichwa cha jirani?

Niliporudi mama aliniuliza wamesemaje. Nikamwambia nyumba zitakuwa na umeme.

Akauliza, "Na sakafu yake ya nini, mwanangu?"