Maji Mekundu Nyuma ya Karo la Dobi

Jumamosi, 4 Mei
Bila mimi kijito hiki kingeshakufa zamani. Leo kikundi cha kujitolea kupima maji kimenipokea rasmi. Bibi afya alikuwa anatufundisha wote, lakini macho kwangu. Kazi yenyewe: unatega wavu, unachokora mawe kwa buti, unatazama wadudu walionasa. Wakiwa wa aina nyingi, maji ni mazima. Upande wa juu wa daraja tumepata wa kila sura. Nikawasimulia kambare niliyemvua hapo zamani, mzito kama mtoto wa darasa la pili. Wakacheka. Wivu.

Jumamosi, 11 Mei
Upande wa chini wa daraja — hakuna kitu. Nimeduwaa. Wavu umetoka na minyoo wekundu tu, na harufu ya choo. Bibi afya kasema hao ndio hubaki wengine wakishakufa. Na hapo ndipo watoto wa mtaa wa chini wanapooga!

Nani anayachafua? Nikanyoosha kidole: dobi. Karo lake liko ukingoni kabisa, jirani na kwangu.
"Mjomba," akasema, "mimi nafua mashati, sifui vyoo."
Watu wakaangua kicheko. Nikahutubia mpaka wakanyamaza. Wamekubaliana: ikithibitika ni yeye, karo linavunjwa.

Jumanne, 14 Mei
Bibi afya kaleta rangi ya unga. Unaimwaga chooni au karoni, unafuatisha maji, halafu unaangalia kijitoni inatokea wapi. Alhamisi wanaanza na dobi, kisha nyumba zote za ukingoni.

Zote? Nikamwambia kwangu asipoteze rangi. Shimo la choo changu nimelichimba mwenyewe — ukitupa jiwe leo, mlio unausikia kesho.
"Basi huna wasiwasi," akasema. Kaniachia kopo la rangi nimtunzie. Mtu wa kuaminika ni nani hapa?
Mke wangu alikuwa anamenya viazi. "Kikulacho..." akasema, akaishia hapo.

Jumatano, 15 Mei
Nimejaribu kidogo tu. Mke kazini, nani angejua? Nikachota rangi kwa vidole, nikatia chooni, nikavuta maji. Nikashuka kijitoni kama mtu anayepunga upepo.

Jamani. Mtaro unaopita nyuma ya karo la dobi — mwekundu. Kijito nacho, mpaka kule watoto wanakoogea. Nikakaa kwenye majani mabichi.

Dobi alikuwa ametoka kupeleka nguo za watu. Akarudi, akaona. Akatua kikapu.
"Kumbe wameshapima," akasema. "Wamemwaga karoni kwangu nikiwa sipo." "Basi ni mimi, Mjomba. Na nilikubishia mbele za watu. Unisamehe."
Nimsamehe! Nikaitikia kwa kichwa. Kwa kichwa, mimi!

Jioni hii yuko sebuleni. Kaja kuazima toroli ahamishe mabeseni kabla hawajamvunjia. Mke wangu ananiita, mara ya pili sasa. Namsikia anamwambia dobi asihame kwanza, anisubiri mimi mwenye nyumba. Vidole vyangu vya kulia bado vyekundu, sabuni haivitoi. Naandika kwa kushoto.

Shimo lile la choo linanifika magotini. Bomba nililielekeza mtaroni, nikafukia. Nilikuwa nachimba vizuri tu, akaruka chura. Naogopa vyura.