Picha Thelathini na Nne za Mama

Jumatatu, 3 Machi

Dada Mkubwa kanipigia kazini. Nikashtuka, maana huwa hanipigii bure. Mama anatimiza sabini Jumamosi. Wanataka picha zake za zamani zioneshwe ukutani, kila moja ijae ukuta mzima, bila kichwa cha habari, bila maua ya pembeni. Wewe Bubu ndiye mtu wa kompyuta, kasema, kwa lile jina langu la utotoni, tutumie tu, Kaka ataendesha. Nikangoja aseme na wewe uje. Kanitakia siku njema.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza saa ya chakula. Wenzangu wameenda kula pamoja, kama kawaida yao. Mimi sina habari na kuburutaburuta picha kwa kipanya. Naandika maandishi matupu kama barua: jina la picha, vistari vitatu, picha inayofuata. Programu yenyewe inageuza kila moja kuwa ukurasa. Mwanzo nilisahau vistari — mama akatokea ameketi juu ya kichwa cha Kaka! Nimecheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia.

Picha thelathini na nne. Mimi nipo kwenye nne. Zilizobaki, nyingi nilizipiga mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Majina ya picha ni namba tupu, zinanichanganya. Kwa hiyo kila moja naiwekea maneno ndani ya mabano, nijue ipi ni ipi. Hayaonekani. Nina faili dogo la mitindo pembeni, la maagizo ya mwonekano wa kurasa, ndilo linalotanua picha na kuficha maneno ya kwenye mabano. Nikaanza na "Mama na redio". Nikaongeza: "Alinikataza kuigusa, nikaigusa." Mkono ukanoga. Nani atasoma?

Ya thelathini na moja ni arusi yangu. Nilitaka kuitoa. Dada kakataa katakata, eti mama alipendeza mno pale. Haya. Kwenye mabano nikaandika: "Mama anacheka. Asubuhi ile nilimwambia huyu mwanamume ananipiga. Akasema vaa, wageni wameshafika."

Wao wanajua nilimwacha mume kwa kiburi. Miaka miwili sasa mama hapokei simu yangu. Nimelia kidogo, kisha nikaendelea na ya thelathini na mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetuma. Dada kajibu kwa kidole gumba.

Jumamosi, 8 Machi, saa kumi alasiri

Nimefua. Nimepiga pasi mpaka taulo. Chumba kimya.

Dada kaandika. Picha zimetoka ndogo kidogo, ila maneno ya chini matamu, Kaka anamsomea mama kwa sauti kwa sababu macho yake hayafiki.

Maneno gani?

Nimefungua nilichotuma. Faili la mitindo halimo. Limebaki hapa kwangu, kwenye folda nyingine.

Ujumbe mwingine. Kwa ile ya redio watu wamevunjika mbavu. Mama kasema, kumbe Bubu anakumbuka yote haya.

Kanitaja. Nimeusoma mara sita.

Nimempigia Kaka, hapokei. Nikamwandikia Dada: mwambie Kaka aruke ya thelathini na moja. Nimeandika, sijatuma. Nisipoutuma, nitamwaibisha mama siku yake, mbele ya wajukuu. Sitaki. Na nikiutuma, watazima mashine, watakula keki, nami nitabaki yule yule mwenye kiburi. Hilo nalo sitaki. Nina hasira naye na nimemkumbuka, vyote kwa pamoja.

Dada tena: wamefika ya ishirini na nane. Mama kaomba kiti kisogezwe karibu na ukuta. Kamwambia Kaka asome polepole, asiruke hata moja.

Nimeuangalia ujumbe wangu. Bado uko pale pale, haujaondoka. Dada anaandika kitu.

Ishirini na tisa.