Nta ya Babu Faustini

Maksi, acha unachofanya usome. Bibi Marselina ametoboa siri ya Babu Faustini mbele ya wakwe zangu watarajiwa!

Mwaka 1958 Babu alitoka Mpanda kwenda Usevya kumposa Bibi, juu ya skuta. Injini ilivuta hewa kupitia ufa penye shingo ya kabureta, ikawa inanguruma kwa kasi yenyewe bila kuguswa. Babu alikuwa mrina asali, akapaka shingo nzima nta ya nyuki. NTA, Maksi, kwenye injini ya moto!

Njiani ikayeyuka. Akaingia uani skuta inalia kama inachinjwa, haizimiki, nyuki wako nyuma yake. Baba yake Bibi akauliza, "Huyu amekuja kuposa au kuhamisha mzinga?"

Bibi akawamwagia nyuki maji ya sabuni. Yakaangukia injini, povu likafyonzwa penye ufa, skuta ikatulia. Hapo ndipo Babu akaona hasa hewa inapoingilia. Akakata ulimi wa kiatu chake, akaufanya gasketi ya kuziba ufa, akaingia kuposa kiatu kinapwaya.

Mzee akasema, "Mpeni mke. Huyu akimwagiwa maji anatulia."

Wakwe wamecheka mpaka machozi. Nami asubuhi nimeziba kabureta ya pikipiki yangu kwa nta, na baba mkwe anataka nimrudishe nayo nyumbani.