Bendeji Si ya Pazia

Shirleen,

Maharagwe yako kwa jiko, ongeza maji.

Asubuhi nilikufokea kwa sababu ulikata bendeji yangu ukafungia pazia. ~~Pole.~~ Usirudie. Hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Nimeenda kwa Sista Anyango, yule nesi wa vidonda, anifunge nyingine. Juzi alisikiliza mguu wangu na kimashine, damu inavuma kama redio ikitafuta stesheni! Akasema kidonda hakiletwi na uchafu, ni damu inashindwa kupanda kurudi moyoni, ndiyo anakaza bendeji iisukume. Leo lazima nimuulize hupandaje.

Wale wakubwa wa kliniki walimwambia mama yako kwa miaka minne eti hanioshi kidonda vizuri. Akafa akijilaumu. Kumbe aliosha vizuri. Jumapili twende kaburini tumwambie.

Baba