Wafalme wa Burma Waliokuja Kumposa Huda

Al-Dirah, Riyadh
3 Oktoba 2024

Mwanangu Huda,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta u mzima, na shangazi yako Samia naye mzima, na yale magoti yake yanamruhusu kupanda ngazi. Mimi sijambo, ila koo langu bado lina vumbi la wiki iliyopita, na udi niliouleta dukani safari hii una harufu ya meza.

Barua ya posa imefika. Nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena nikaiweka juu ya kabati. Karatasi nzuri, Kiarabu kizuri, na haluwa uliyoituma nayo sikuiacha. Lakini Burma? Huda, Burma? Vijana wa Kizanzibari wamekwisha Jeddah nzima? Mzee Mbarouk wa barazani kwetu ana wajukuu wanne wa kiume, na mmoja ana shahada na hana kitambi!

Usinipigie simu. Naujua mchezo wako: utalia, mimi nitalegea, halas, nimeshaozesha. Posa kwetu huandikwa na hujibiwa kwa maandishi. Na kabla ya jibu, mtu huuliza ukoo. Usiniambie kijana ana adabu, adabu ya mchumba kila mtu anaijua. Niambie katoka kwa watu gani, na watu hao wametoka katika nini. Miye nikisikia Burma naona mchele tu. Anzia mwanzo kabisa. Ukikosa la kuniandikia, basi jibu unalo.

Baba yako


Ruwais, Jeddah
9 Oktoba 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na nakubusu mikono yote miwili. Sisi hatujambo. Shangazi anasema magoti yake yanakusalimu na yanauliza lini utakuja kuyaona. Koo lako litie asali na tangawizi, si ile soda yako.

Umesema nianzie mwanzo kabisa? Utajuta! Tangu ulipoandika silali kwa vitabu. Rayan ni muuguzi mwenzangu hapa kliniki, unajua, lakini mwenye hadithi ni bibi yake. Ananisimulia kwa Kiarabu chake cha Makka huku anakatakata vitunguu, miye nakwenda kuhakikisha kwenye vitabu.

Basi sikia. Miaka elfu mbili nyuma kulikuwa na watu waitwao Wapyu. Walijenga miji ya matofali, na mkubwa kuliko yote, Sri Ksetra, ukuta wake umezunguka kama sinia. Walichimba mifereji, wakavuna mpunga, wakatulia. Mwaka 832 wakashuka watu wa Nanzhao kutoka kaskazini, wakaupiga mji wao na kuchukua mateka elfu tatu. Ukadhani mambo yamekwisha? Ng'o! Wakaja Waburma wenyewe, wakajenga Pagan kwenye bonde lile lile la mto.

Na Pagan akatokea mfalme, baba, mwanamume khasa: Anawrahta. Kusini kulikuwa na mji wa Thaton, na mfalme wake Manuha alikuwa na vitabu vya dini yao. Anawrahta akaomba nakala. Manuha akamjibu jeuri. Wasimulizi wanasema Anawrahta akaenda na jeshi, akarudi na vitabu juu ya ndovu weupe thelathini na wawili, na Manuha mwenyewe nyuma yao, mfungwa! Vita kwa ajili ya vitabu! Kule utekani Manuha akaruhusiwa kujenga hekalu. Akaweka ndani sanamu kubwa mno, zimebanwa na kuta mpaka mabega hayana pa kupumulia. Watu wanasema alitaka kila anayeingia ajue yeye anajisikiaje. Hekalu lipo mpaka leo.

Na wewe umeona mchele tu.

Mwanao Huda


Al-Dirah, Riyadh
15 Oktoba 2024

Huda mwanangu,

Waalaykum salaam. Koo limepoa, asali imefanya kazi yake. Umeamkaje wewe, na hao wagonjwa wako?

Sasa niambie: huyo Manuha alitoka?

Barua yako niliifungua mlangoni mwa duka nikiwa nimesimama. Akaingia mama mmoja anataka ubani, nikamwambia, yalla, chukua unaoutaka, mimi nina ndovu hapa! Baada ya alasiri niliwasomea wazee barazani. Mzee Mbarouk, ambaye hata habari za mpira humtia usingizi, aliweka kikombe chini. "Mfalme kaombwa kitabu kakataa," akasema, "sasa kafungwa yeye na kitabu chake." Tukabishana mpaka magharibi. Wengine kwa Anawrahta, miye kwa Manuha. Mtu aliyenyang'anywa nyumba yake ndiye ninayemwelewa.

Usijidanganye, jibu la posa bado. Nauliza hadithi tu. Lakini andika upesi, na uandike kirefu, wazee wananisumbua. Pagan nayo ilikwenda wapi? Na hawa watu wa Rayan wanaingia wapi humo? Maana mpaka sasa umenipa wafalme, kijana sijamwona.

Baba yako


Ruwais, Jeddah
22 Oktoba 2024

Baba mpenzi,

Shikamoo. Salamu nyingi kwako, na kwa baraza zima, na kwa Mzee Mbarouk aliyeamka. Sisi wazima, shangazi anakula vizuri kuliko sisi sote.

Manuha hakutoka, baba. Nimetafuta kila mahali. Samahani.

Lakini Pagan! Kwa miaka zaidi ya mia mbili walijenga mahekalu maelfu kwenye uwanda mmoja. Mfalme wa mwisho mwenye nguvu aliandika kwenye jiwe kwamba yeye ni bwana wa askari milioni thelathini na sita, na kwamba kila siku anakula mabakuli mia tatu ya mchuzi. Mia tatu! Wamongolia wakaja kutoka China. Unadhani alisimama? Alikimbia. Mpaka leo jina lake kwao ni "mfalme aliyewakimbia Wachina". Akaja kuuawa kwa sumu na mwanawe mwenyewe. Kwenye chakula, baba. Bibi yake Rayan hapo husimamisha kisu na kusema, "Mchuzi wa mia tatu na moja."

Sasa kaa kitako, ndipo tunafika kwa watu wa Rayan. Wao wanatoka Arakan, nchi ya pwani, magharibi ya milima. Mwaka 1406 watu wa Ava, ufalme uliotokea baada ya Pagan, waliivamia Arakan. Mfalme wake kijana akakimbilia Bengali, kwa Sultani wa Kiislamu. Akakaa ugenini miaka ishirini na minne. Kaingia kijana, kapata mvi kule kule. Na baba, ALIRUDI! Mwaka 1430, kwa msaada wa Sultani, akarudi kwao na kujenga mji mpya, Mrauk-U, uliosimama miaka mia tatu na hamsini. Wafalme waliomfuata walikuwa Mabuddha, lakini wengi walijipa na jina la pili la Kiislamu, na wakaliandika kwenye sarafu.

Nilipofika hapo nilikuona wewe, umeshika hii barua. Nikalia kidogo.

Mwanao Huda


Al-Dirah, Riyadh
28 Oktoba 2024

Huda, Huda, Huda!

Salamu kwanza, nisije nikasahau: wazima? Alhamdulillah. Mimi sijawahi kuwa mzima namna hii.

Alirudi! Niliposoma neno lile barazani watu wazima walipiga makofi. Miaka sitini tunakaa tunasimulia wafalme walioondoka, na wewe mtoto wa kike unatuletea mmoja aliyerudi! Mzee Mbarouk alitoa leso akasema ni vumbi.

Nimeshawaambia wote. Mkwe wangu ni wa ukoo wa mfalme aliyerudi. Nimewaandikia ndugu zetu wa Maskati, nimempigia binamu yangu wa Unguja, amepeleka habari mitaa ya Malindi na Vikokotoni. Fundi wangu anashona joho jeusi lenye uzi wa dhahabu, nimemwambia mashallah, usibanie uzi, linamwendea mjukuu wa mfalme.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Jina la Kiislamu kwenye sarafu, nitake nini tena? Mwambie Rayan nimekubali, barua rasmi naiandika Ijumaa.

Baba yako mwenye furaha


Ruwais, Jeddah
5 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Tunakuombea afya. Sisi afya tunayo.

Barua yako niliisoma jikoni nikapiga kelele, shangazi akapiga vigelegele, majirani wakatoka. Kisha nikaisoma mara ya pili, nikaketi.

Baba, sikuandika kwamba Rayan ni wa ukoo wa mfalme. Niliandika kwamba watu wake wanatoka nchi ile. Nilipomuuliza bibi yake, alicheka mpaka akashika meza. "Sisi? Wazee wangu walilima mpunga na kuvusha watu mtoni. Wafalme tuliwaona migongo tu, wakipita." Ndiyo nasaba yote. Mrauk-U ulipoanguka, wao walibaki wanavusha watu, akabadilika tu anayevushwa. Babu yake Rayan ndiye aliyekuja Makka, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, akauza mikate.

Shangazi ananisihi ninyamaze. "Ndiyo umeshaipata," anasema, "utamvua baba yako ufalme wa nini tena?" Nilikaribia kumsikiliza, wallahi. Kazini Maryann, muuguzi mwenzetu Mkenya, akaniambia, "Huda, wewe mwambie mzee ukweli. Leo ni joho, kesho atataka taji."

Rayan yeye hakucheka. Alisema, "Baba yako akinipokea kwa jina la mfalme, siku atakayojua atanitoa kwa jina langu."

Basi nakwambia mimi, kabla hujasikia kwa mwingine. Namtaka Rayan, baba. Namtaka mno. Lakini nataka uliyemkubali awe yeye.

Mwanao Huda


Ruwais, Jeddah
1 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. U mzima? Shangazi kakupigia, mtu wa duka la jirani kapokea, kasema upo ila huzungumzi. Barazani nako, nasikia, huendi.

Najua nimekuaibisha mbele ya wazee wenzako. Kama jibu ni hapana, liandike, nitalisoma. Bila wewe sifungi ndoa. Si kwa kuwa kadhi atakataa, ni kwa kuwa mimi sitaki kuozwa na mtu mwingine wakati baba yangu yuko hai na amenuna Riyadh.

Rayan hajaniuliza hata mara moja. Ila bibi yake ameacha kunisimulia. Anasema wafalme wamekwisha sababisha ya kutosha.

Mwanao


Al-Dirah, Riyadh
19 Desemba 2024

Mwanangu Huda,

Assalaam alaykum. Mimi mzima. Nilikuwa si mzima wa moyo, sasa nimepona, nitakwambia kwa nini.

Barua yako ilinichoma. Mwezi mzima joho limetundikwa dukani, nikilitazama naona watu wananicheka. Nilikukasirikia. Nilimkasirikia hata yule bibi na mpunga wake. Ungeninyamazia tu, nikasema, ningekufa nimefurahi.

Jana nikaenda barazani. Nikawaambia wazee, kijana si wa mfalme, watu wake walivusha watu mtoni, babu yake akauza mikate. Nikangoja wacheke. Mzee Mbarouk akauliza, "Mikate ya aina gani?"

Wallahi ndivyo alivyouliza! Nami nikakasirika zaidi, maana sikujua. Tukaanza kubishana juu ya mikate ya Waburma wa Makka, nani kaila, nani hajaila, na katikati ya kelele hizo mimi nikakumbuka kitu.

Mwaka 64 nilikuwa na miaka mitano. Tulishuka Jeddah na mabegi mawili. Tukapelekwa Ruwais, nyumba ya mtu tusiyemjua. Babu yako alikuwa amevaa koti lake la ofisini, na joto lile. Akasimama mlangoni akaanza kujieleza, mimi ni fulani bin fulani, nilikuwa karani huko Unguja kwa Sultani, ukoo wetu ni huu na huu. Alipanga maneno yale tangu melini. Yule bwana alimwacha aseme kidogo, kisha akatutazama sisi na kusema, "Watoto wamekula?"

Basi. Hakuuliza jingine, siku ile wala mwaka ule. Babu yako maisha yake yote alisimulia Sultani. Sijui kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyemsimulia yule bwana. Hata jina lake mimi silijui, Huda, na nyumba unayolala leo iko mitaa miwili kutoka kwake.

Jibu la posa ni hili, na nimeliandika pia kwa Kiarabu kwenye karatasi ya pili, umpe bibi yake kwa mikono miwili: nimemkubali Rayan, mtoto wa watu wa Arakan waliovusha watu mtoni. Mahari ni hiari yenu wenyewe. Ndugu wa Maskati nimeshawaandikia upya, na binamu yangu wa Unguja ana kazi ya kuzunguka Malindi yote kurudisha mfalme wangu.

Joho nalileta. Lilishonwa kwa mjukuu wa mfalme, litamkaa muuguzi. Kama refu, litapunguzwa.

Nafika Alhamisi ijayo na basi la asubuhi, na Mzee Mbarouk ameng'ang'ania kuja. Mwambie bibi asimsimulie mtu yeyote habari za Ava mpaka niwe nimekaa. Na mkinifungulia mlango, msiniulize mbona nimechelewa. Niulizeni kama nimekula.

Baba yako, na walii wako