Mgomba wa Kaka Yako

3 Machi

Mwanangu Chiriku,

U hali gani huko? Mimi mzima, ila goti tu, siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Mgomba wa marehemu kaka yako unaumwa. Majani yamekuwa manjano, yananing'inia kama nguo zilizosahaulika kambani. Ndizi zinaiva hazijakomaa. Nimepasua moja, ndani kahawia tupu. Wewe unashinda maabara na magonjwa ya mimea, hebu nitumie dawa. Baba yenu alichimba shimo akapanda mgomba kila mtoto alipozaliwa. Yeye kaenda, mtoto kaenda, huo mgomba ndio nilionao.

Mama yako


15 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Pole na goti, likande na maji ya moto. Mimi salama, uchovu tu wa kazi.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni mwa maabara, mwenzangu akaniuliza nani amefariki. Mama, hao ni bakteria. Wanaingia kwenye kidonda cha mgomba, wanapanda na mishipa ya maji, wanazaana mpaka wanaiziba. Mgomba unakufa kwa kiu na mvua inanyesha. Kata shina utazame: ukitoka usaha wa manjano, ndio wenyewe.

Dawa hakuna. Ung'oe na machipukizi yake yote, uzike mbali. Na kisu kipitishe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Asubuhi ukipogoa, unaanzia wapi?

Mwanao


2 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Goti afadhali, moyo ndio haujatulia.

Naanzia wapi? Swali gani hilo! Naanzia kwake. Nachukua kisu cha baba yenu, namtoa majani makavu, namsalimia, nampa habari zako. Kisha nakuja kwako, halafu kwa wengine. Na kisu chenye mpini wa mti nikikitia motoni, nitabaki na nini?

Eti dawa hakuna. Maneno hayo hayo niliambiwa na daktari kwenye korido ya wodi, na mwanangu akiwa bado anapumua. Usaha nimeuona. Sing'oi! Namwagilia maji, Mungu ataamua.

Mama yako


20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimelia, kisha nimeandika.

Ni makali tu yanayopita motoni, mpini unakaa mkononi mwako. Hakiungui.

Kuna migomba ya mwituni inayopona ugonjwa huu. Siyo kwamba ina dawa tumboni. Inamtambua adui akiwa bado mlangoni, halafu inaua kipande chake yenyewe, pale pale penye kidonda, adui akose pa kupita. Yetu ya nyumbani haiwezi. Hiyo ndiyo kazi yangu, kutafuta mgomba wa nyumbani utakaoweza, na bado hatujaupata. Kwa hiyo mkono wako ndio ufanye hivyo, uung'oe wa kaka.

Na mimi namlilia kaka, mama. Lakini kisu kikitoka kwake kinakuja kwangu. Nenda ukautazame wangu.

Mwanao


11 Mei

Mama,

Shikamoo. Kimya chako kinanitisha. Simu ya jirani inaita tu. Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mwanao


9 Julai

Mwanangu,

Sijambo, nawe uwe salama. Nisamehe kwa kimya. Kalamu nilikuwa nayo, maneno ndiyo sikuwa nayo.

Barua yako ilifika mgomba wako umeshanyauka. Nikaukata wako kwanza. Nilisema mwenye huu yuko hai, atanuna, kisha atanisamehe. Kisu nikakipitisha motoni ulivyoagiza. Wa kaka yako nikauwekea nguzo.

Haikufaa kitu. Mingine nilishaiambukiza zamani, asubuhi baada ya asubuhi, kwa mkono huu huu wa kumsalimia. Ikafuatana yote. Wake ulianguka wa mwisho, nguzo ikabaki imesimama. Nimeuzika mwenyewe, jirani sikumwita. Uliniambia mapema, mwanangu, na nilikusikia vizuri kabisa. Ila kumzika mtoto mara mbili, nani anaweza kwa kuambiwa mara moja?

Shamba jeupe sasa. Asubuhi bado natoka na kisu, mazoea yana taabu. Naenda kwake, hakuna kitu. Nakuja kwako, hakuna kitu.

Omba ruhusa kazini, Chiriku. Njoo hata siku mbili, nimwone mmoja amesimama.

Mama yako